Bi Stempu Ahudhuria Kikao

Jumatatu saa moja na robo asubuhi, katika chumba cha kufulia cha hospitali, Mpiga Pasi alikuwa amekwisha kunyoosha makoti sita ya madaktari na yuko kwenye kola ya la saba, kola yenye doa la wino ambalo halijatoka tangu daktari mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Aliponyanyua macho alimwona Bi Stempu ameketi juu ya kapu la foronya. Alikuwa amevaa koti la mvua la kijani, amepakata paka, na mwavuli wake ameuegemeza kwenye ndoo ya sabuni. Mpiga Pasi alimalizia kola kwanza, maana pasi ya moto haina subira na wageni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Humu mna joto."

Hilo la mwanangu lilimchekesha kidogo. Alianza kumsoma Bi Stempu akiwa na miaka ishirini na minne, na sasa ana hamsini na mitano. Bi Stempu alikuwa na sitini na mmoja wakati ule, na bado ana sitini na mmoja. Miaka sita mingine watakuwa rika, na baada ya hapo, uzima ukiwapo, shikamoo itabidi igeuze njia.

Kwa asiyemjua, Bi Stempu ni mjane na mkuu wa posta mstaafu katika mji wa vitabuni wenye wakazi mia nne. Katika vitabu thelathini na kimoja vya mfululizo wake wameuawa watu thelathini na wanne, kwa sumu ya panya, kwa kinara cha taa, mmoja kwa kuangushiwa kabati la vyombo, na hakuna mkazi hata mmoja aliyewahi kufikiria kuhama. Kila mara Bi Stempu humtambua muuaji kwa jambo dogo ambalo polisi wamelikanyaga wakipita. Kila mara, sura ya mwisho, huwakusanya wote sebuleni, huwamiminia chai, huongea kurasa kumi na mbili bila kukatizwa, kisha hunyoosha kidole. Naye muuaji, badala ya kuuliza ushahidi uko wapi kama mtu mwenye akili zake, hukiri yote mpaka rangi ya soksi alizovaa siku hiyo.

Mpiga Pasi alijua vituko vyote vya vitabu hivyo. Paka alikuwa dume mpaka kitabu cha tisa, na katika cha kumi akazaa. Inspekta alianza kumchumbia Bi Stempu katika kitabu cha nne, na hadi cha thelathini na moja bado alikuwa anatafuta maneno. Kitabu cha kumi na nne kilitokea melini na hakizungumziwi. Mara ngapi Mpiga Pasi na mwenzake Chapuchapu waliapa kwamba hiki ndicho cha mwisho, hawanunui tena upuuzi huu! Waliapa hivyo kila walipomaliza kitabu, na kila kilipotoka kingine walikuwa wa kwanza dukani.

Walisoma nakala moja kwa zamu. Sheria yao ilikuwa hii: ukifika ukurasa wa hamsini, unaandika kwa penseli pembeni jina la unayemshuku na tarehe, halafu ndipo unaruhusiwa kufunua wa hamsini na moja. Aliyekosea humfulia mwenzake aproni mwezi mzima. Katika vitabu thelathini, Chapuchapu alikuwa amepatia ishirini na viwili. Mpiga Pasi alikuwa amefua aproni za mwenzake mpaka akazijua kwa kunusa.

Chapuchapu ndiye aliyekuwa analisha Rola, ile mashine kubwa ya silinda mbili za moto inayonyoosha mashuka. Mwezi uliopita, saa tano asubuhi, akiingiza mashuka ya wodi ya wazazi, Rola ilimkamata mkono. Alifariki siku ya pili yake, ghorofa ya tatu ya hospitali hiyohiyo, juu ya shuka alilolinyoosha mwenyewe.

Taarifa ya ajali ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ukurasa mmoja tu, na mstari wake wa tisa ulisema: Marehemu alikuwa akisoma kitabu cha hadithi wakati wa kazi. Mstari huo ulitosha. Maadamu kosa ni la kitabu, mashine haina kosa, na kisicho na kosa hakitengenezwi. Binti yake Chapuchapu aliusoma siku aliyokuja kuchukua viatu vya mama yake. Tangu hapo hakumsalimia tena Mpiga Pasi, kwa kuwa aliyemwambukiza mama yake ugonjwa wa vitabu ni nani, kama si huyu?

Sasa Mpiga Pasi alitaka kitu kimoja tu duniani, mstari wa tisa ufutwe. Ulikuwa uongo, na yeye ndiye aliyejua kuliko wote, kwa sababu siku ile kitabu kilikuwa kwake. Kilikuwa kwake wiki tatu nzima, wala si kwamba alisoma polepole. Alikichelewesha makusudi, kwa raha ya kumwona Chapuchapu akihangaika. Asubuhi ile Chapuchapu alipita kwenye meza ya pasi na kumwambia, "Maliza basi, we mwanamke, unataka nizeeke nikingoja?" Mpiga Pasi alicheka. Akikumbuka kile kicheko, hata sasa, anataka kujing'ata.

Alikwenda kwa Msimamizi akamweleza. Msimamizi alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema fomu ina nafasi ya chanzo kimoja, na nafasi imeshajazwa.

Jana yake, Jumapili alasiri, ndipo Mpiga Pasi alipokaa kitako kumaliza kitabu cha thelathini na moja peke yake. Alifika sura ya mwisho. Wote walikuwa sebuleni, chai imemiminwa, Inspekta anatazama saa yake, na kiti cha Bi Stempu kitupu. Kurasa tatu nzima watu walikohoa na kusogeza vikombe. Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe. Mpiga Pasi alifikiri ni ubovu wa kiwanda cha uchapaji akamtukana mchapaji. Kumbe Bi Stempu mwenyewe alikuwa njiani kuja huku.

Msimamizi alipita saa mbili, akamwona mgeni, akamwelekeza asaini daftari la wageni na asimwachie paka akanyage nguo za chumba cha upasuaji. Bi Stempu alisaini. Asubuhi nzima alizunguka na kikombe cha chai ambayo haikupungua hata akinywa, macho yake yakiwa ya kahawia karibu na dirisha na ya kijivu akisogea kwenye kivuli, kwa vile mwandishi aliyasahau kuanzia kitabu cha kumi na moja. Aliinama mbele ya Rola, akapapasa matundu mawili ya skrubu yaliyokuwa wazi. Alimwuliza Mlinzi swali moja kuhusu ngazi. Aliingia ofisini kwa Msimamizi kuomba sukari, akatazama pazia kwa muda mrefu, akasahau sukari.

Saa nne kulikuwa na kikao cha mwezi. Walikaa kuzunguka meza ya kukunjia mashuka, wafanyakazi kumi na mmoja, Msimamizi kwenye kiti cha mwenyekiti, Karani na daftari lake la kumbukumbu. Walipofika kipengele cha Yatokanayo, Bi Stempu aliweka kikombe chini, na Mpiga Pasi akajiweka sawa kitini, maana alijua sasa zinakuja zile kurasa kumi na mbili.

Zilichukua dakika arobaini. Bi Stempu alianza na hali ya hewa, akapitia kwa mpwa wake ambaye hakuhusika, akamshuku Mlinzi kwa muda na kumwachia, akamshuku Karani, akamwachia pia. Kisha alimwomba Mpiga Pasi akisimamishe kitabu cha thelathini na moja mezani na kukifunua ukurasa wa hamsini.

"Vitabu thelathini vina mwandiko wa marehemu hapa," alisema. "Hiki kina mwandiko mmoja tu, wa huyu mama. Marehemu hakukishika hiki hata siku moja. Basi wapendwa, alikuwa anasoma nini? Na kama hakuwa anasoma, ni kwa nini Rola haikusimama? Rola zote zina fimbo ya usalama mbele ya silinda. Mkono ukiigusa, mashine inazima. Ya hapa imefunguliwa. Imekwenda wapi? Imeshikilia pazia la ofisini."

Akanyoosha kidole. Msimamizi akasimama.

"Ndiyo, ni mimi!" alisema. "Niliifungua Januari. Ilikuwa inazima mashine mara nane kwa siku, na mashuka yanachelewa wodini. Nilitumia bisibisi ya Mlinzi na ngazi ya Mlinzi. Fimbo ilikuwa nzuri, nikaona isilale bure. Mstari wa tisa niliutunga mwenyewe baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimevaa soksi za kijivu."

"Polepole kidogo, bosi," alisema Karani. "Bisibisi, halafu?"

Msimamizi akarudia kuanzia bisibisi, kisha akaketi na kujifuta jasho. Miaka thelathini na mmoja Mpiga Pasi alikuwa akipasoma mahali hapa vitabuni, na sasa yuko ndani yake! Alimtazama Bi Stempu. Bi Stempu alitazama mlango. Wote waliobaki walitazama mlango pia, na hakuna aliyeingia, kwa sababu Inspekta alikuwa sebuleni, kwenye kurasa za mwisho za kitabu kile, anatazama saa.

"Tuendelee," alisema Msimamizi.

"Samahani, mwenyekiti," Karani alisema. "Hili la kukiri haliwezi kukaa kwenye Yatokanayo. Halimo katika kumbukumbu za kikao kilichopita, kwa hiyo halijatokana na chochote."

"Liweke Mengineyo."

Likawekwa Mengineyo. Kwenye daftari linasomeka hivi: (a) vikombe virudishwe jikoni, (b) Msimamizi alikiri, (c) sabuni ya kunawia isibebwe nyumbani. Na chini yake: Ilikubaliwa kwamba masuala haya yafuatiliwe. Hakuandikwa mfuatiliaji. Msimamizi alifunga kikao saa tano na dakika tano, akarudi ofisini, akavuta pazia kwa sababu jua lilikuwa kali.

Mpiga Pasi alimfuata Bi Stempu kwenye kapu la foronya. Alikuwa na hasira ya kutosha kukausha nguo bila pasi.

"Sasa?"

"Sasa nini, mwanangu?"

"Amekiri! Kinachofuata nini?"

Bi Stempu alimkuna paka shingoni. "Baada ya hapo sijui," alisema. "Kwangu huwa inaishia hapo. Kuna ukurasa mweupe, halafu tangazo la kitabu kijacho. Hata mimi nimewahi kujiuliza."

Wiki iliyofuata Mpiga Pasi alinakili ukurasa wa kumbukumbu akaupeleka ghorofa ya juu, kwenye ofisi ya utawala. Walimwambia kwamba suala liko Mengineyo na tayari limekubaliwa lifuatiliwe, kwa hiyo kulifuatilia tena itakuwa kurudia kazi. Taarifa ilibaki ubaoni na mistari yake yote. Chini yake kulibandikwa tangazo jipya: Kuanzia sasa ni marufuku kuingiza vitabu vya hadithi mahali pa kazi. Lilikuwa na sahihi ya Msimamizi. Mlinzi alianza kupekua mikoba getini. Bi Stempu alipita kila asubuhi bila tatizo, kwa kuwa hakuwa ndani ya mkoba wa mtu.

Alipewa kazi ya kukunja foronya. Alizikunja vizuri ila aliongea mno.

Mwezi uliofuata nafasi ya kulisha Rola ilitangazwa, na aliyeipata ni binti yake Chapuchapu. Kazi ni kazi. Aliingia akafunga aproni ya mama yake na kumpita Mpiga Pasi kama anavyopita ukuta. Siku ya tatu kulikuwa na kikao. Walipofika Mengineyo, Bi Stempu aliweka kikombe chini, akaanza na hali ya hewa, akampitia mpwa, akanyoosha kidole. Msimamizi akasimama, akakiri kwa mpangilio uleule, na mara hii aliongeza kwamba skrubu bado anazo, ziko kwenye kikombe cha kalamu. Karani hakuandika upya, aliweka alama ya "kama ilivyo hapo juu". Wengine walisubiri sabuni ya kunawia ijadiliwe.

Binti hakusikia habari za sabuni. Alikuwa amekivuta kitabu cha thelathini na moja, kile ambacho Mpiga Pasi alikuwa akikiingiza kila siku kikiwa kimefungwa kiunoni kwa aproni, anatazama ukurasa wa hamsini, upande wa pambizo ambako hakukuwa na mwandiko wa mama yake. Alitazama muda mrefu. Machozi yalimdondoka, akayafuta kwa foronya iliyokwisha kukunjwa, na Bi Stempu akaikunja upya bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea katika mfululizo mzima.

Baada ya kikao Rola iliwashwa. Mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yanangoja. Mpiga Pasi aliiweka pasi yake kwenye kisahani, akaenda kusimama ubavuni mwa mashine, mahali ambapo mkono wake ungeweza kufikia swichi. Makoti ya madaktari yangesubiri. Tangu siku hiyo husimama pale kila yanapolishwa mashuka, na makoti hutoka na makunyanzi, na madaktari wameshaandika barua mbili.

Msichana aliingiza shuka la kwanza, la pili. Alikuwa na mikono ya mama yake, myepesi, yenye haraka.

"Mama mdogo," alisema bila kugeuka, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu mazishi. "Hicho kitabu kinaishaje?"

"Hakijaisha," alisema Mpiga Pasi. "Toa mkono hapo."