Kidole cha Don Evelio

Kisu cha Zoraida kilianguka sakafuni peke yake. Visu vingine vyote, vya wasokota sigara mia moja na ushee, vilikuwa vikigongwa mezani, ko ko ko, kumshukuru Don Evelio, aliyewasomea kwa sauti wakiwa kazini, kwa kumaliza riwaya. Katika kiwanda kile cha Remedios, kugonga kisu ni kumsifu msomaji. Kukitupa chini ni kumtukana mbele ya watu.

Kelele ikakatika.

"Nani huyo?" Don Evelio aliuliza kutoka jukwaani, akishusha miwani.

"Ni mimi."

"Kiokote, mwanangu," mama Nieves wa meza ya pili alinong'ona. "Sema kimekuponyoka."

"Hakikuniponyoka, mama."

Crescencio, aliyekaa nyuma yao, akacheka. "Alitaka bibi harusi aolewe na maiti. Msameheni, wachumba wa mjini wamemwishia."

"Wa mjini nimewaona wote, Crescencio, ukiwemo wewe. Ndiyo maana namuulizia maiti."

Wanawake wakaangua kicheko. Zoraida hakucheka. Wiki sita alikuwa akisokota tumbaku huku akisikiliza habari za Leocadia, bibi harusi wa riwaya, ambaye mchumba wake alizama mtoni siku moja kabla ya harusi, na kila mvua ikinyesha humjia mlangoni, chepechepe, akabisha mara tatu na kuondoka. Wiki sita Zoraida anangoja mlango ule ufunguliwe. Leo, kwa dakika kumi tu, padri kanyunyiza maji ya baraka, mzamaji katoweka, na Leocadia kaolewa na mwenye kinu cha unga.

"Kama mwisho haukukupendeza, kamlaumu mwandishi," alisema Don Evelio. "Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Hapo ndipo ninapokataa." Zoraida alisimama. "Mimi shule niliishia darasa la sita. Lakini miaka mitano nakaa mbele yako, na mikono ikishazoea kazi, macho lazima yatafute pa kutua. Kila ukifungua ukurasa unalamba kidole. Hata gazeti la asubuhi unalamba. Tangu padri aingie kwenye hadithi hujalamba kidole hata mara moja, Don Evelio. Ulikuwa unatunga."

Hakuna aliyesokota. Don Evelio alikunywa maji, akaifuta midomo polepole.

"Humu mna wasichana," alisema. "Mwisho ulioandikwa haufai."

"Mimi ni msichana. Uliniuliza?"

"Zoraida."

"Kitabu hiki tulikipigia kura, meza kwa meza. Hatukupigia kura kichwa chako."

Msimamizi alikuwa ameshafika mlangoni. Msokotaji asiye na kisu hurudishwa nyumbani, na pengine asiitwe tena. Zoraida alilijua hilo. Mama Nieves akamvuta sketi.

"Okota ufanye kazi," msimamizi alisema.

"Nitaokota akishasoma."

Don Evelio akakifungua kitabu, akalamba kidole.

Akasoma kwamba Leocadia aliufungua mlango. Akamwambia mzamaji, unabisha hodi kwako? Akamkalisha kwenye kiti cha baba yake, akampakulia maharage na wali, na kijiji kizima kikamwona kupitia dirisha lililoachwa wazi. Padri alipofika na maji yake, Leocadia akamwambia ayaweke chini, maana katika nyumba hii maji yanatosha.

Hapo kitabu kikaisha.

Kisu cha Crescencio ndicho kilichotupwa kwanza. Vikafuata vingine, kumi, ishirini, vya wanaume na vya wanawake pia. Mama Nieves alianza kugonga, kwa aibu kidogo, na meza za dirishani zikamfuata. Watu wakabishana kwa sauti, hii ni dhambi, hii siyo, hata msimamizi hakujua amnyamazishe nani.

Zoraida aliinama chini ya meza, akakiokota kisu chake. Ncha ilikuwa imemeguka. Akakaa, akagonga, na wengine walipochoka yeye aliendelea.