Shamba la Upogo katika Nchi ya Mkunjosawa

Katika nchi ya Mkunjosawa, ambayo msafiri haifikii ila kwa kupotea, kila shamba lilikuwa na pembe tatu, na nakala yake ndogo ya ngozi ilihifadhiwa mahakamani. Ngozi ilikunjwa mbele ya Kadhi. Ikikunjika kwa njia tatu, nusu ikifunika nusu kila mara, mwenyewe aliitwa Mtukufu akaketi barazani. Ikikunjika kwa njia moja, aliachwa alime kwa amani. Isipokunjika kabisa, kwa kuwa pande zake zote zilihitilafiana, shamba lilitwaliwa na Serikali kwa kosa la upogo. Hakuna aliyeuliza kama mahindi yalikuwa na habari hiyo. Wallahi, watu wazima na ndevu zao!

Mjane mmoja, Bi Stahamala, alirithi shamba la upogo, kwa sababu mto uliupinda mpaka wake bila kuomba idhini ya mtu. Akashitakiwa.

"Mama," alisema Kadhi Kipimo, akiigeuza ngozi huku na huku kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa, "nusu hii inaizidi hii. Una la kujitetea?"

"Nina watoto watano wanaokula humo, Mheshimiwa Kadhi."

"Watoto si mkunjo."

"Basi naomba mkasi."

Watukufu walicheka hadi vilemba vikalegea. Bi Stahamala aliikata ngozi kutoka pembe ya juu, wima, hadi upande mrefu kuliko zote. Vikatoka vipande viwili, kila kimoja na pembe mraba. Kisha akakata kila kipande kutoka pembe mraba yake hadi katikati ya upande unaoielekea. Vikawa vinne.

"Kunja, Mheshimiwa."

Kadhi alikunja cha kwanza. Nusu ikafunika nusu. Cha pili na cha tatu vivyo hivyo. Cha nne alikikunja mara kadhaa, akiomba kisikunjike, lakini kikakunjika.

"Mashamba manne halali," karani akatamka.

"Ni lile lile moja," alisema mjane, machozi yakimlengalenga kwa hasira. "Sikuongeza udongo wala sikupunguza. Lilikuwa na kosa gani?"

Shamba akaachiwa. Asubuhi iliyofuata, wote walionyang'anywa walijipanga mlangoni pa mahakama, kila mmoja na mkasi wake. Aliyetangulia alikuwa bibi kizee ambaye shamba lake lilitwaliwa katika hukumu ya kwanza kabisa ya Kadhi Kipimo, hukumu iliyompatia sifa na cheo.

"Hujambo, mwanangu," akamwambia Kadhi. "Mletee mama yako mzazi ngozi yake."