Chini ya Manyoya ya Blanketi

Mbwa yule aliitwa Blanketi, na aliyempa jina hakukosea. Alikuwa mkubwa, mweupe wa kuingia kijivu, mwenye manyoya ya tabaka mbili: ya juu marefu na magumu, ya chini mazito na laini kama pamba ya mto. Mara mbili kwa mwaka yale ya chini yalinyonyoka yote, na hapo ndipo ungejua kwamba ndani ya mbwa mmoja kulikuwa na wengine wawili. Fundi cherehani wa chumba cha pili aliapa kwamba kila Blanketi akioshwa, yeye hushona suti zenye manyoya bila mteja kuomba.

Mwanamke mwenye kazi ya kumwosha, mtaa mzima ulimwita Brashi, na alishaitikia jina hilo mpaka lile la kuzaliwa likaanza kuwa geni masikioni mwake. Alikuwa na chumba kimoja chenye beseni refu, meza yenye mkanda wa kumzuia mbwa asiruke, na mashine ya kukaushia iliyonguruma kuliko mbwa wenyewe. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda chake. Kazi aliijua. Mbwa wa tabaka mbili hanyolewi hata jua liwake vipi. Huchambuliwa taratibu, mpaka ngozi ipate hewa.

Alikuwa na desturi moja. Zamani mteja mmoja alimletea mbwa mwenye kidonda, kisha akamgeuzia kibao kwamba kidonda amekitia yeye. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo, kabla ya tone la maji, Brashi aliyapuliza manyoya kwa mashine, akapiga picha ya kila alama aliyoikuta kwenye ngozi, akamtumia mwenye mbwa na maneno yale yale: "Tumekuta alama hizi. Tafadhali thibitisha kuwa zilikuwepo." Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Blanketi alikuwa mbwa wa shemeji. Hajawa shemeji bado, maana harusi ilikuwa Jumamosi, lakini Brashi alishamwita hivyo miezi mitatu, tena kwa mdomo mtamu. Mdogo wake, kitinda mimba wa marehemu mama yao, ambaye Brashi alimlea mwenyewe tangu akiwa na miaka tisa, alikuwa amepata mtu. Mtu anayeamkia. Mtu anayefuta viatu mlangoni. Siku zote alimleta mbwa mwenyewe, akasimama pembeni mikono nyuma, akasema, "Mpitishie brashi juu juu tu, dada, usijichoshe." Brashi aliona ni huruma, akaacha hata kumpuliza mbwa wake. Ndivyo tulivyo, tukishampenda mtu, hata kasoro zake tunazitafutia majina mazuri.

Alhamisi hiyo mbwa aliletwa na mdogo mtu.

"Leo mchambue mpaka ngozi, dada."

"Mwenyewe hapendi nijichoshe."

"Yuko kazini. Wewe mchambue tu." Alimkabidhi kamba, akaushika mkono wa dada yake kidogo kupita kawaida. "Naenda kuchukua viatu vya harusi. Nikirudi tutaongea."

Brashi alicheka moyoni. Bibi harusi huyu, hata mbwa anataka apendeze.

Akampandisha Blanketi mezani, akamfunga mkanda, akaanza na chanuo la meno marefu. Manyoya yalitoka mafungu kwa mafungu, yakajaa sakafuni, yakamkaa puani na kwenye kope. Mbwa wengine hulalamika, hukwepa, hujaribu kuuma chanuo. Huyu alisimama kimya kabisa, macho ukutani, kama aliyeambiwa asitikisike. Brashi hakupenda utulivu ule. Alimsemesha, akamkuna sikio, mbwa asigeuke.

Akawasha mashine. Upepo ulipoyapasua manyoya ya ubavuni, chini ya mbavu, aliona duara dogo lisilo na unywele, kubwa kama kifungo cha shati. Mba huenda, au kupe. Akasogeza upepo. Kulikuwa na jingine, umbali wa vidole viwili. Na jingine. Yalikwenda kwa mstari mpaka ndani ya paja, mengine yamepauka, mengine mekundu, na la mwisho bado bichi. Akapiga picha sita. Akachagua jina la mwenye mbwa, akabandika maneno yake ya siku zote, akatuma.

Ndipo akili ikafika. Ugonjwa hautembei kwa mstari. Kupe hapimi nafasi. Ile ilikuwa ncha ya sigara, na aliyeishika hakuwa na hasira, maana mwenye hasira hapangi. Akaikamata simu aifute ile habari, lakini tiki mbili za kusomwa zilikuwa zimeshageuka buluu.

Jibu liliingia. "Zilikuwepo. Nakuja."

Mdogo wake alirudi kabla ya shemeji, na kisanduku cha viatu kwapani. Hakushangaa kuona ngozi ya mbwa imefunuliwa. Alikwenda moja kwa moja akamwekea Blanketi kiganja shingoni.

"Umeona," alisema.

"Nimeona. Mdogo wangu, ni yeye?"

"Mimi ndiye ninayemshika mbwa kichwa." Aliongea polepole, macho chini. "Anasema nikimwachia, itakuwa zamu yangu. Nimeshindwa kusema, dada. Kila nikifungua mdomo hayatoki. Nikaona nikuletee uone mwenyewe, halafu tuondoke leo leo, yeye akiwa kazini, asijue mpaka tumefika mbali." Akaiona simu mkononi mwa dada yake. Akausoma uso wake. "Umempigia?"

"Nimemtumia picha," Brashi alisema. "Kama kawaida."

Mdogo mtu hakumlaumu. Alikaa kwenye kibao cha kukalia, kisanduku magotini. Brashi alitamani atukanwe. Mkono wake uliochota uji ukamlisha mtoto huyu ndio huo huo uliomwuza, tena kwa bidii ya kazi.

"Simama, tupite nyuma," alisema akimvuta.

Gari lilikuwa limeshasimama nje. Shemeji alifuta viatu mlangoni, akaingia.

"Habari za kazi, dada. Pole kwa usumbufu." Alitazama sakafu iliyojaa manyoya, kisha mbwa, kisha mchumba wake. "Twende nyumbani."

"Haendi," Brashi alisema. "Wala mbwa haendi. Harusi hakuna."

Yule bwana hakubadilika uso. Aliugonga mlango kwa kidole mara mbili, kama fundi anayepima mbao. "Mlango huu mwepesi, dada. Na wewe unalala hapo nyuma peke yako, sivyo?" Alisema kwa upole, kama anayemshauri abadilishe kitasa. Lakini hakuwa akimtazama Brashi alipoyasema. Alikuwa akimtazama mdogo wake.

Mdogo wake aliinuka. Brashi akamshika mkono, na ule mkono ukajichomoa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Niache, dada. Nikibaki atakuja kwako."

"Na aje."

"Hapana," alisema, na akatoka akiwa na kisanduku chake. Mlango wa gari ukafungwa.

Brashi alifungua mkanda wa mezani, hajui amshike mbwa au akimbie. Shemeji alikuwa bado amesimama kizingitini. Alimtazama Blanketi kwa mara ya mwisho, bila chuki, kama mtu anavyokitazama kiatu kilichoisha soli.

"Mbwa baki naye tu, dada. Simhitaji tena."

Shemeji alikuwa ameshageuka kwenda garini ndipo maneno yale yakamwingia Brashi, na lile neno la zamu likamrudia. Kisha Brashi alitoka mbio, aproni ikipukutika manyoya, akampita fundi cherehani aliyekuwa amechungulia na futi yake shingoni, akajisimamisha mbele ya gari, viganja viwili juu ya boneti. Shemeji alikuwa ameshika usukani, injini inawaka. Kupitia kioo alimwona mdogo wake akiunyoosha mkono kwenye kitasa cha mlango, na mkono wa yule mwanamume ukiutangulia. Gari lilisogea, likamgusa magoti. Brashi hakuondoka.