Dawa ya Utelezi

Laiti Sébastien angemgombeza shemeki yake nyumbani! Lakini wapi, hasira zilimpanda pale pale kituoni, katikati ya Bunia, wenye pikipiki wote wakisikiliza.

"Ni weye uliuwa ambreyaji yangu! Unapakia samaki ya Kasenyi sawa vile pikipiki iko kamiyo!"

Aliyegombezwa alikuwa Michée, mume wa dada yake Hélène. Vita vilimtoa Djugu na shati moja mwilini, na tangu hapo walikuwa wakigawana pikipiki hiyo, Sébastien asubuhi, Michée mchana. Sasa ambreyaji, yaani klachi, ilikuwa ikiteleza, pikipiki ikinguruma tu kwenye mlima bila kupanda. Michée aliweka ufunguo juu ya kiti, akaenda zake. Kugombezwa na shemeki mbele ya watu! Mtu mzima anaficha wapi uso wake?

Kesho yake asubuhi Hélène akaja analia.

"Kaka, Michée amefunga godoro yake. Leo anapanda kamiyo ya Nizi, anaenda kuchimba dhahabu. Ile mashimo inafukiaka watu, na miye niko na mimba ya miezi saba!"

"Aende!" akasema Sébastien. Mdomo ulisema hivyo, moyo ulikuwa na lake. Akachukua pikipiki, akaenda kutafuta diski mpya za ambreyaji kwa Mama Musoki, muuza vipuri na mafuta ya injini.

Mama Musoki hakugusa hata boksi la diski. "Mafuta ulibadilisha lini?"

"Juma iliyopita," Sébastien akajibu, kifua mbele. "Mafuta ya kweli, mama, siyo michezo! Ya magari mapya, ile ya namba cinq W trente. Kwenye bidoni waliandika inapunguza msuguano, inaokoa esansi ndani ya tangi."

"Aiii, Mungu wangu!" Mama Musoki akashika kiuno. "Na weye ukaimwanga ndani ya pikipiki?"

"Si ni ya bei kuliko zote?"

"Bei, bei! Sikia, papa. Mafuta ya injini haiko mafuta tupu, wanachanganyaka dawa ndani. Iko dawa ya kuosha masizi, iko ya kuzuia kutu, iko ya kulinda vyuma visisagane, iko ya kufanya mafuta isigeuke maji injini ikipata moto. Yote ile muzuri. Lakini mafuta mingi ya magari mapya, wanaongezaka dawa ya utelezi. Gari haina shida, ambreyaji yake iko kavu, iko pembeni. Ya pikipiki yako inaoga mule mule ndani ya mafuta! Diski zinatafuta kushikana, weye unazipaka sabuni."

Sébastien akageuka kuitazama pikipiki. "Lakini ule muzigo wa samaki..."

"Muzigo ulionyesha tu. Hata ungebeba kuku moja, siku moja mulima ungekusema."

Mama Musoki akafungua nati ya chini ya injini. Sébastien alichuchumaa akitazama mafuta yake ya fahari yakichuruzika kwenye beseni, akajiona mpumbavu wa mwisho.

Mama Musoki akamimina mengine, ya namba vingt W cinquante, yaani 20W-50, akamwonyesha kwa kidole herufi mbili kwenye bidoni: MA. "Hii njo utatafutaka. Inasema mafuta iko ya pikipiki, diski zitashikana. Zunguka nayo kidogo, halafu urudi tumwange tena, ile utelezi itoke yote. Uko na bahati, diski hazijaungua."

Sébastien aliijaribu pikipiki kwenye mlima wa kwanza. Ikateleza kidogo, ikasita, halafu ikashika, ikapanda. Siku nyingine angeimba. Leo, kadiri ilivyopanda ndivyo alivyomkumbuka Michée na godoro lake. Hakurudi kwa Mama Musoki. Alikata kona, akaenda mbio kwenye kituo cha malori, zile kamiyo za Nizi.

Michée alikuwa ameshapanda, amekalia godoro lake katikati ya magunia. Dereva alikuwa akiwasha injini.

"Shemeki," Sébastien akasema kwa sauti ndogo, akishika ubao wa kamiyo. "Ilikuwa mafuta yangu. Haikuwa weye. Nisamehe."

Michée akainama kutoka juu ya magunia. "Jana ulisema kwa sauti."

Masikio ya Sébastien yakapata moto. Akageuka kwa abiria, kwa wauza mikate, kwa wenye pikipiki waliosimama pale.

"Musikie wote! Miye Sébastien, ni miye niliharibu pikipiki! Niliweka mafuta ya gari kwa ujinga wangu! Shemeki yangu hana kosa, nilimupakaza matope bure!"

Mtu akacheka, mwingine akapiga mluzi. Michée hakucheka. Alitupa godoro chini, kisha akashuka mwenyewe, akapangusa vumbi kwenye suruali, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

"Miye njo nitaendesha," akasema. "Weye ukae nyuma."

Sébastien akakaa nyuma, godoro kichwani, mpaka nyumbani kwa Hélène.