Benchi la Kipimo cha Zamani

Fundi alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupigilia hata msumari wa kutundikia kalenda. Kazi hizo alimwachia jirani yake seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa. Kwa hiyo siku Randa alipochungulia juu ya ukuta na kumwona mzee mwenzake amepiga magoti uani, msumeno mkononi na chaki ya kushonea sikioni, alidhani uchungu umeshampanda kichwani.

Uchungu ulikuwepo, hilo halikuwa siri. Mkewe Fundi alikuwa amelazwa hospitali, mwezi wa pili sasa. Daktari alikuwa amemwita Fundi na binti yake pembeni, akawaambia kwa upole kwamba dawa zimefika mwisho na kwamba Ijumaa ya wiki ijayo wanaweza kumchukua mama akapumzike nyumbani. Binti, ambaye ni mwalimu na amezoea kusikia yale ambayo watu hawayasemi, alielewa palepale. Fundi alisikia neno moja tu, nyumbani, akaling'ang'ania.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na ombi moja. "Sitaki kuja kulala chumbani nihesabu mbao za dari," alimwambia mumewe. "Nataka kukaa uani kwangu. Ile picha unaikumbuka?"

Angeisahau vipi? Ilikuwa imebandikwa jikoni miaka sita, imekatwa kwenye gazeti, imerukiwa na mafuta mpaka rangi zimefifia. Ilionyesha ua wenye njia ya vipande vya magogo, sufuria kuukuu zilizopandwa maua, meza ya vyuma chakavu, na benchi la mbao zisizopakwa rangi, vyote vimeundwa kwa mkono lakini vinaonekana kama vimeota hapo vyenyewe. Kila mkewe alipoigusia, Fundi alijibu kwamba acha kwanza amalize sare za shule, acha apumzike kidogo, mwezi ujao tutaona. Miaka sita ya mwezi ujao. Kazi ndiyo ilimzuia, alikuwa akisema, lakini kazi hiyohiyo haikumzuia kulala mchana kila Jumapili.

Basi sasa alikuwa na siku tisa, na ua wenye karai moja, kamba ya kuanikia nguo na magugu.

Alianza na uzio mfupi wa mbao za paleti, wenye kilango cha kupitia. Alipima kwa utepe wake wa nguo, akachora kwa chaki, akakata vizuri tu. Kilango kikakataa kuingia kwenye fremu yake. Alikigeuza, akakisukuma kwa bega, akakitukana kidogo, wapi. Randa aliruka ukuta, akapima, akacheka mpaka akakaa chini.

"Umeacha inchi moja kila upande, Fundi. Ya nini?"

"Ya mshono," Fundi alisema, na alipojisikia akisema hivyo alicheka naye, kwa mara ya kwanza tangu hospitali ianze.

"Mbao haikunjwi upindo, mzee mwenzangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Fundi, na ndiyo iliyompatia wateja. Hakuna gauni lililotoka mikononi mwake bila inchi nzima ya kitambaa kuachwa ndani ya mshono. Mafundi wengine walikwangua kitambaa mpaka ukingoni. Yeye alisema binadamu hakai na mwili mmoja, ananenepa, anabeba mimba, anapata kazi nzuri, na siku hiyo atarudi kwangu nimfungulie nguo badala ya kuitupa. Kukata kitu kikawa hivyo milele hakukuwahi kumwingia akilini.

Siku ya nne njia ya magogo ilikuwa imetandikwa. Siku ya sita sufuria zilizotoboka zilijaa udongo na miche. Miguu ya chuma ya cherehani yake ya kwanza, iliyokufa zamani, aliifunika ubao juu ikawa meza, na pedali yake chini bado ilikuwa inabembea. Likabaki benchi, na benchi ndilo lililokuwa jambo lenyewe.

Mbao zake zilitoka kwenye mlango. Ulikuwa mlango wa chumba cha kupanga walichoanzia maisha, ambao mkewe aliuomba nyumba ile ilipobomolewa na kuusimamisha nyuma ya bafu, akikataa usichomwe kuni. Komeo bado lilikuwepo. Randa alishauri benchi la watu wawili lenye mikono mitatu, miwili ya pembeni na mmoja wa kati, ili upande wa mama uwe na pa kushikilia kulia na kushoto.

"Ila mikono imkae karibu," alisema. "Nenda kampime kwanza."

"Nimpime mke wangu?" Fundi aliona kama ametukanwa. Aliingia ndani akatoka na daftari la vipimo, la kwanza kabisa, jalada limeshonwa kwa uzi. Ukurasa wa kwanza, mteja wa kwanza, ndiye huyo mkewe, kabla hajawa mkewe. Bega, kifua, kiuno. Nyonga arobaini na mbili. Chini yake, kwa mwandiko wa kijana anayejitahidi: anapenda impwaye kidogo.

"Daftari hilo la zamani," Randa alisema.

"Hajabadilika."

Randa alikuwa amekwenda hospitali kumwona shemeji yake Jumanne ya wiki hiyo, akaona alivyokonda. Lakini alishika drili. Na hapa lazima tumseme Fundi, ingawa tunamhurumia. Huyu ni mtu ambaye mteja akikanyaga kizingiti tu alikuwa anajua ameongezeka inchi ngapi tangu sikukuu. Macho hayohayo yalikaa kando ya kitanda kila jioni, saa ya kuona wagonjwa, mbele ya shuka ambalo kila siku lilikuwa limelala chini zaidi, na yakakataa kupima.

Ijumaa ikafika. Fundi na binti walimbeba mama kwenye kiti cha plastiki kutoka kwenye gari mpaka uani, na hapo akasema wamshushe kidogo atazame. Alitazama uzio. Alitazama sufuria, akaitambua moja iliyounguza maharage siku walipopata mgeni, akacheka bila sauti. Alipoona komeo kwenye mgongo wa benchi alinyoosha mkono kutaka apelekwe.

Walimkalisha. Kushoto kwake kukabaki nafasi ya kiganja, kulia kiganja kingine. Mgongo haukufika kwenye egemeo. Alijaribu kushika mikono yote miwili ya benchi kwa pamoja, isifikike, na taratibu akaanza kulalia upande mmoja. Binti alimdaka begani. Yule mama alikuwa anapwaya ndani ya kiti kilichokatwa kwa ajili yake.

"Fundi," alisema alipowekwa sawa, "umempimia nani hili?"

"Wewe. Kipimo chako. Ukurasa wa kwanza."

"Ukurasa wa kwanza nilikuwa na miaka ishirini na mitatu." Alivuta pumzi. "Na wewe ulikuwa na nywele."

Fundi alitaka kucheka, lakini kilichotoka kilikuwa kilio. Alilia wazi, amesimama na nyundo mkononi, mbele ya bintiye ambaye hajawahi kumwona hivyo. Mkewe alimwacha alie. Alipoona yanaelekea kuisha, akasema, "Lete utepe."

Fundi alipiga magoti akampima. Utepe ulizunguka nyonga ukarudi upesi mno, ukamwacha na urefu mrefu unaoning'inia mkononi. Thelathini na moja. Hakuweza kuandika namba hiyo kwenye daftari, akaiandika kwa chaki ubavuni mwa benchi.

"Pima na mabega," mkewe alisema.

"Benchi halina mabega, mama."

"Gauni linayo. Nguo zangu zote zinanivuka, na siku ile watu watakuja kunitazama. Sitaki nionekane kama nimeazima nguo."

Binti aligeukia sufuria za maua, akaanza kung'oa magugu ambayo hayakuwepo. Fundi akafanya kazi yake. Bega. Kifua. Mkono. Urefu kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu. Alipima kama anavyopima mteja, kidole kimoja chini ya utepe ili asimbane, na safari hii macho yake yaliona kila inchi.

Kisha akafungua skrubu za mkono wa kati, akausogeza inchi tano kwa mkewe, akaukaza upya. Akamwekea mto mgongoni na mwingine chini. Akatosha. Matundu ya skrubu yalibaki pale mkono ulipokuwa, kama matundu ya sindano yanavyobaki kwenye gauni lililopunguzwa.

"Upande wako umekuwa mkubwa," mkewe alisema.

"Ukinenepa tutaurudisha."

"Basi usiyazibe matundu."

Alikaa hapo asubuhi kumi na tisa. Wakati mwingine aliweka mguu kwenye pedali ya ile cherehani mfu na kuibembeza, na Fundi, akiwa upande wake mkubwa, alimsomea majina ya wateja wa zamani kutoka kwenye daftari, naye akasema nani alikuwa na maringo na nani alikuja kupima huku amevuta tumbo. Mara mbili aliulizia gauni. Mara mbili Fundi akasema kesho, na safari hii mkewe hakumlaumu. Asubuhi ya ishirini hakuamka.

Gauni lilishonwa siku hiyohiyo. Watu wakiingia na kutoka sebuleni, Fundi alijifungia na cherehani yake, hakutaka fundi mwingine aliguse. Alipomaliza alimpa binti alipige pasi. Pasi ilipita vizuri mpaka ubavuni, ikapanda kitu kinene. Binti aligeuza gauni ndani nje. Kwenye kila mshono, kulia na kushoto, kilikuwepo kitambaa kimekunjwa na kulazwa vizuri, inchi nzima.

"Baba," alisema taratibu, "hii ya nini?"

Fundi alikuwa anafunika cherehani. "Akinenepa," alisema.

Binti aliizima pasi, akaja akamshika baba yake, wakalia pamoja mpaka walipoitwa.

Mwezi ulipopita, Randa aliruka ukuta na kisanduku chake cha vifaa. Alisema kwa mtu kama Fundi, anayetembelewa na watu kila siku, benchi lile halifai, upande mmoja hakuna mtu mzima anayeweza kuuingia. Aung'oe tu mkono wa kati, azibe matundu, apige msasa, liwe benchi la kawaida.

"Liache," Fundi alisema.

"Sasa nani atakaa hapo?"

Fundi alisogeza mto wa upande mdogo ukae sawa, akaketi upande wake, ambao siku hizi uliwatosha mtu na nusu. Alijaribu kuegemea mkono wa kati, ukawa mbali. Sasa aliyekuwa anapwaya ni yeye.