Msimamizi Mkuu wa Foleni ya Maji

TANGAZO KWA WAKAZI WOTE WA BWENI. Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, kuanzia kesho alfajiri bomba la maji litakuwa chini ya Msimamizi Mkuu wa Foleni, ambaye ni mimi. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali.

Mamlaka hayo nilikabidhiwa na kalamu nene niliyoichomoa darasa la jiografia, na hatua kali zenyewe sikuwa nazo hata moja. Nilichokuwa nacho ni uvivu. Bweni letu lina watu arobaini na sita na bomba moja, na mimi huamka dakika kumi kabla ya kengele. Nikajiwazia: msimamizi hapangi foleni. Msimamizi huoga kwanza, kisha husimamia.

Hali ilikuwa tete. Wiki moja kabla, wawili walipigana ndoo pale bombani, mmoja akapasuka mdomo. Mama Mlezi, anayetutunza bwenini na ambaye hapazi sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji, alituambia kwa upole, "Mkipigana tena, nafunga hili bomba. Mtateka kwenye tangi la jikoni." Tangi la jikoni liko bondeni. Kushuka ni ngazi mia na themanini. Kupanda na ndoo kichwani, sijui. Hakuna aliyewahi kufika juu akiwa bado anahesabu.

Siku ya kwanza nilisimama bombani, daftari kwapani, tumbo mbele, nikimwigiza makamu mkuu wa shule. Nilitarajia kicheko. Badala yake akaja Tingatinga, jitu la kidato cha nne lililopewa jina hilo kwa namna linavyopita katikati ya watu. Akaiweka ndoo yake mbele ya zote.

"Ndugu," nikasema, "rudi nyuma."

"Wewe nani?"

"Hujasoma tangazo?"

Nikafungua daftari nikaanza kuandika kwa kasi. Kwa kweli nilikuwa nachora bata.

"Unaandika nini?"

"Mambo ya ofisi."

Akalitazama daftari, akanitazama mimi, akarudi nyuma. Alinung'unika, lakini alirudi.

Nikageuka nichukue ndoo yangu nikaoge. Kitoto kimoja cha kidato cha kwanza kikaniuliza kwa heshima zote, "Kaka, wewe ni namba ngapi?"

Watu arobaini na tano wakasubiri jibu.

"Wa mwisho," nikasema. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Kengele ililia kabla zamu yangu haijafika.

Siku ya pili niliandika namba za chaki kwenye ndoo. Ndoo zikapanga foleni, wenyewe wakajisomea vitandani. Siku ya tatu nilimjazia ndoo mwenzetu aliyevunjika mkono. Msidhani nilikuwa nimebadilika. Moyoni nilikuwa tapeli yule yule, nikingoja siku ya kuumbuka. Ila tapeli naye hana budi kuigiza vizuri, na kuigiza vizuri kulinilazimu niamke kabla ya wote.

Siku ya nne maji yalipungua, yakawa yanatoka kama uzi. Namba sita alikuwa bado anajaza ndoo yake mpaka ukingoni, huku ndoo arobaini zikingoja. Tingatinga akatoka kule nyuma, akaishika ile ndoo kwenye mpini.

"Unataka kuyamaliza yote? Sisi tuoge mate?"

"Achia ndoo yangu!"

"Sikuachii!"

Mmoja nyuma yao akainua ndoo tupu, na hakuiinua ili aibebe. Wote tuliziona ngazi mia na themanini.

Kabla sijakishauri kichwa changu, miguu ilikuwa imeshafika katikati yao. "Nusu nusu," nikasema. "Kila mtu nusu ndoo, tunaanza na hii." Nikaichukua ndoo mikononi mwao, nikamimina nusu kwenye ya namba saba. Nikamwaga kidogo.

Tingatinga akaniinamia. "Umechoka kuishi?"

"Nimechoka ngazi. Na bado sijazipanda."

Mtu akacheka. Nikampa Tingatinga kikombe. "Wewe pima. Ukipima wewe, nani atabisha?"

Akafikiri. Kisha akachuchumaa bombani, akaanza kupima kwa ukali wa mfamasia. Foleni ikasogea.

"Vizuri," ikasema sauti nyuma yangu.

Mama Mlezi alikuwa mlangoni, kufuli mkononi. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Akalitia kufuli mfukoni.

"Hebu niambie, mwanangu. Kazi hii nani alikupa? Mimi sikumteua mtu."

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mmoja mzuri sana. Nikaitazama foleni. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

"Hakuna aliyenipa, Mama. Tangazo niliandika mwenyewe. Nilitaka kila siku niwe wa kwanza kuoga."

Foleni ikaguna. Mama Mlezi hakuguna.

"Na leo umeoga?"

"Bado, Mama."

"Jana?"

Nikakohoa. Tingatinga akajibu bila kuondoa macho kwenye kikombe: "Mimi nalala kitanda cha juu yake, Mama. Harufu hupanda. Muulize tangu lini."

Nikainamisha kichwa, nikakiri mbele ya bweni zima.

"Tangu nianze kazi, Mama."