Karani na Maji ya Matanga

Paka aliitwa Karani. Jina alipewa na marehemu Andongwisye, kwa sababu tangu udogo wake alikuwa anakaa kando ya mzani wa kahawa na kukodolea macho kila kilo inayopita, kana kwamba yeye ndiye anayeandika. Tofauti yake na makarani wengine ni kwamba huyu hakuwahi kumpunja mkulima.

Andongwisye alipougua kifua, miezi tisa kitandani, Karani alihamia miguuni pake. Wageni walikuja, wakatikisa vichwa, wakanywa chai, wakaenda zao. Paka alibaki. Na siku mzee alipokata roho, Karani alikuwa juu ya kifua chake.

Hilo Atuganile, mkewe, alilijua kwa sababu ndivyo alivyowakuta. Lakini hadithi aliyoishika mbele ya watu ilikuwa nyingine. Aliwaambia mume wake alifia mikononi mwake, akimwita jina.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi na mchungu. Siku hiyo wingu lilitanda, naye akakimbilia vichanjani kufunika kahawa iliyoanikwa. Alifunika. Wingu likapita bila kudondosha hata tone. Alitakiwa arudi ndani, ila jirani yake Fortunata alikuwa pale uzioni na umbea mbichi kutoka kwenye kwaya, na Atuganile alikuwa hajacheka tangu mwezi wa kumi. Akakaa. Alicheka saa nzima. Aliporudi mume alikuwa amepoa, na paka amemlalia, anamwangalia yeye mlangoni kama karani anayemwangalia mtu aliyechelewa.

Siku ya kuanua matanga iliangukia mwezi wa saba, na mwezi wa saba kijijini Isansa kuna baridi ya kumfanya mtu amheshimu jirani yake mwenye mablanketi mawili. Jioni iliyotangulia mwinjilisti alikuja, akaomba, akala, akaondoka na kuku wake kwapani. Alipokunja kona tu, Roda, dada wa marehemu, akafunga kanga kiunoni vizuri.

"Haya. Sasa mambo yetu."

Mambo yao, katika ukoo ule, yalikuwa haya: kila aliyelala chini ya paa lile siku ya kifo aogeshwe alfajiri kwa maji ya majani, na asijisuuze wala kujifuta mpaka jua lizame. Anayejisuuza anaurudisha msiba ndani.

"Nesta hakuwepo," Roda alihesabu, akimtazama binti wa Atuganile aliyekuja toka mji wa Mpemba. "Alikuwa dukani kwake. Kwa hiyo ni wewe wifi. Na huyo."

"Huyo nani?"

"Paka. Si alilala naye mpaka mwisho? Tena ulisema mwenyewe ulimkuta kifuani."

Ni kweli Atuganile alisema, siku ile ya kwanza, katika kulia. Alisema alimkuta paka kifuani, na alisema mume alimfia mikononi. Maneno hayo mawili hayakai benchi moja, na mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameyakalisha pamoja.

"Paka haogeshwi, wifi," alisema haraka. "Marehemu alikuwa anasema Karani anaoga kuliko mimi."

"Hapo kaka yangu hakudanganya," alisema Roda, na wanawake jikoni wakacheka.

"Basi angalau mchana, jua likitoka. Kwa baridi hii utamuua."

"Maji ya matanga yanasubiri jua tangu lini? Ataoga alfajiri kama wewe. Au kijana wetu Ezron amtie kwenye gunia akamtupe mtoni, tuchague."

Atuganile akamtazama Jairo, mdogo wa marehemu. Jairo alikuwa anachokonoa jino kwa njiti. Kesho yake saa nane ndiye angeongoza kikao cha kusema kama mjane abaki katika nyumba ile na kahawa ile, au arudi kwa kaka zake Ileje. Mtu wa namna hiyo humuombi amtetee paka.

"Aoge," alisema Atuganile.

Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Walianza na mjane. Roda alimmwagia kata baada ya kata, na Atuganile akasimama na upande mmoja wa kanga, meno yakigongana, maji ya majani yakimwingia machoni. Halafu akaletwa Karani.

Ezron, mtoto wa Jairo, ndiye aliyemshika. Huyu alikuwa mfugaji wa kijiji cha Ihanda, kijana mwenye moyo mzuri na mikono yenye haraka. Alimviringisha paka kwenye gunia, kichwa nje, na bado akachanwa mpaka kiwiko.

"We mnyama! Na viroboto wote hawa!" Akamkabidhi Nesta gunia, akakimbilia pikipiki yake, akarudi na chupa. Akamimina kifuniko kimoja kwenye beseni. Akamwangalia paka, akaongeza cha pili.

Atuganile alisikia harufu kabla ya kuona. "Ezron, hiyo ni nini?"

"Dawa yangu ya kuogeshea ng'ombe, mama mkubwa. Viroboto leo watahama ukoo."

Watu wakacheka. Karani alizamishwa mpaka shingoni, akatoa sauti ambayo Atuganile hakuwahi kuisikia kwake, kisha akaachiwa. Alikimbilia kizingitini, mwembamba kama soksi iliyolowa, akaketi. Na akaanza kufanya kile ambacho kila paka aliyelowa hufanya. Akaanza kujilamba.

Nesta hakupenda. Alimpigia simu jirani yake wa Mpemba, muuza dawa za mifugo, akaweka sauti ya juu.

"Dawa ya ng'ombe? Kwa paka?" Mwanamume kwenye simu aliamka kabisa. "Dada, muosheni sasa hivi! Maji ya vuguvugu na sabuni, suuzeni mpaka harufu iishe. Asijilambe hata kidogo. Kisha mtafuteni daktari wa mifugo. Akishaanza kutetemeka, mmechelewa."

Uwanja mzima ulisikia. Ilikuwa saa moja asubuhi.

"Hakuna kusuuza," alisema Roda.

"Shangazi, umesikia mwenyewe!" alisema Nesta.

"Nimesikia mtu wa dukani. Yeye kafiwa? Jua likizama muosheni mpaka manyoya yatoke." Kisha akamsogelea Atuganile, akashusha sauti, na sauti hiyo haikuwa ya ubaya. "Wifi, kikao saa nane. Usiwape cha kusema."

Basi Atuganile alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Hakukataa na hakutii. Alimviringisha Karani kwenye kanga kavu ili ulimi usifike manyoyani, akakaa naye kizingitini, akasubiri. Alijiambia amemzuia kulamba, inatosha. Alijiambia paka ni paka. Alijiambia nyumba ni nyumba. Wanawake walipita na masufuria, wakamwambia pole, yeye akajibu asante. Kila alipolegeza mkono, Karani alichomoa kichwa na kulamba bega lake, mara mbili, tatu, kwa bidii ya mtu aliyeachiwa kazi chafu na wengine.

Saa tatu ikapita. Jua lilitoka dhaifu, la kuonekana tu.

Saa nne paka akaanza kutetemeka. Mwanzoni Atuganile alidhani ni yeye mwenyewe anatetemeka. Halafu mate yakaanza kumtoka Karani, mengi, meupe, yakalowesha kanga.

Atuganile akasimama. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya maji ya ugali wa wageni, yameshachemka. Akaitwaa kwa vitambaa, akaimwaga nusu kwenye beseni, akaongeza maji ya baridi, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akapiga magoti katikati ya uwanja, watu wote wanaona.

"Atuganile!" Roda alipiga kelele. "Unaurudisha msiba!"

"Haukuwa umetoka, wifi."

Alimpaka sabuni mgongoni, tumboni, kwenye makwapa. Akamwaga, Nesta akaleta mengine. Akapaka tena. Safari hii Karani hakuchana mtu. Hilo ndilo lililomtisha. Macho yake yalikuwa yamekuwa meusi yote, na miguu inapiga hewa kama anakimbia mahali. Ezron alikuwa ameshapanda pikipiki, ufunguo mkononi, anauliza daktari wa mifugo anakaa wapi, na kila mtu anamtajia kijiji chake.

"Nipo," Atuganile alimwambia paka, akimshika kichwa kisizame. "Safari hii nipo. Siendi popote."

Karani alijinyoosha mara moja, mrefu kuliko alivyokuwa. Kisha akalegea, na maji ya beseni yakatulia.

Halafu Roda, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine:

"Safari hii? Na safari ile?"

Atuganile angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo wake tayari, wa siku arobaini, umeshazoeleka na kila mtu. Lakini mikono yake ilikuwa ndani ya maji, na uongo nao ulihitaji mikono.

"Safari ile nilikuwa vichanjani," alisema. "Kahawa nilishaifunika. Nilikuwa nimekaa na Fortunata, tunacheka."

"Ulituambia alifia mikononi mwako."

"Niliwaambia hivyo. Alifia mikononi mwa huyu. Na huyu hana mikono."

Mwanamke mmoja jikoni alitaka kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Fortunata, aliyekuja kusaidia kupika, aliweka mwiko chini na kutoka kwa mlango wa nyuma. Roda alikaa chini palepale kwenye tope, mzima mzima, akaanza kumlilia kaka yake upya, kilio cha siku ya kwanza.

Jairo alitupa njiti yake. Hakungoja saa nane.

"Shemeji," alisema, "wazee wapo. Njoo tu ukae, tulimalize."

"Anzeni. Cha kusema mmeshakipata." Hakuinua kichwa. Alikuwa anamtoa Karani povu ndani ya sikio kwa kidole kidogo, kwa uangalifu, kama anavyofanyiwa mtoto anayepelekwa kanisani. Mume wake waliomuosha ni wanaume. Yeye alifungiwa nje ya mlango. "Mimi bado sijamaliza. Simpeleki mtu kaburini na sabuni masikioni."

Akamnyooshea Nesta ndoo tupu.

"Niletee ya mwisho."

"Mama, ameshakufa," alisema Nesta. "Nichote tu ya mtungini?"

"Ya vuguvugu," alisema Atuganile. "Kuna baridi."